Uliza Maji Kwanza: Jinsi Ninavyochagua Chambo Bandia

Sanduku langu la vyambo lina vyumba kumi na vinne. Miaka ya mwanzo nilikuwa navipanga kwa rangi, vyekundu huku, vya kijani kule, na mgeni akipanda botini swali langu la kwanza lilikuwa, "Leo tuanze na rangi gani?" Siku hizi vimepangwa kwa kina. Vya kuelea viko mbele, vya kushuka mita moja au mbili vinafuata, vya kuzama mita tano na zaidi viko nyuma karibu na koleo. Rangi nitaifikia, lakini baadaye.

Nilizaliwa Butiaba, Uganda, kando ya Ziwa Albert. Baba yangu alivuka kutoka upande wa Kongo, mama ni Mgungu wa hapo hapo, na mwaloni tulisema Kiswahili kwa sababu mtumbwi mmoja uliweza kubeba Mualuri, Mkongo, Mgungu na Mganda. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kuvua, kwa migonzo na chambo hai. Siku alipoona kwa mara ya kwanza samaki wa plastiki mwenye ndoano tumboni, alimgeuzageuza mkononi, akamtumbukiza majini kando ya mtumbwi, akamvuta taratibu huku ameinama. Kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu hana harufu wala damu. Alicho nacho ni mwendo tu. Uliza maji kama mwendo huo utafika kwa samaki."

Tangu mwaka 2009 naendesha boti za watu wanaovua kwa fimbo, kwanza kwenye delta pale Nile inapoingia Ziwa Albert, kisha Jinja na visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria. Makosa yangu mengi ya kuchagua chambo yalianzia pale niliposahau kuyauliza maji.

Sahani ya bati

Kabla ya kufungua sanduku, pima uangavu wa maji. Chukua sahani nyeupe ya bati, ile ya kulia chakula, itoboe katikati, pitisha kamba, na ning'iniza jiwe chini yake ili izame ikiwa imelala. Kwenye kamba piga fundo kila nusu mita. Ishushe upande wa boti wenye kivuli na uhesabu mafundo hadi sahani isionekane tena. Wataalamu wa maziwa wana kisahani chao cha kazi hiyo hiyo, kilichoanzishwa na padri Mwitaliano Angelo Secchi mwaka 1865, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Changu kilitoka jikoni kwa mama watoto na kinanitosha.

Sahani ikipotea kabla ya fundo la kwanza, hayo ni maji ya tope. Samaki mwindaji hapo hategemei sana macho. Ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji, na anasikia vizuri pia. Mpe chambo kinene, kinachotikisa kiuno kwa nguvu, chenye gololi ndani ya tumbo, na ukivute polepole ili apate muda wa kukitafuta.

Ikipotelea kati ya fundo la kwanza na la nne, umo katika maji tunayoyakuta siku nyingi: ya kijani kwa sababu ya mwani kule Victoria, ya rangi ya chai pale mto unapopita kwenye vinamasi vya mafunjo. Hapo macho na ubavu wa samaki vinasaidiana, na chambo cha ukubwa wa wastani kinafaa.

Ikipita fundo la nne na bado unaiona, maji ni meupe. Punguza ukubwa wa chambo, tumia uzi mwembamba zaidi mbele yake, ongeza kasi. Samaki wa maji meupe akipewa nafasi ya kukikagua chambo anageuka na kuondoka. Nimewaona wakifanya hivyo kwa macho yangu, wanakisindikiza hadi karibu na boti halafu wanashuka zao chini.

Pima tena kila unapohama. Kwenye delta, baada ya mvua, nimewahi kukuta maji ya tope ukingo mmoja na maji ya kijani ukingo wa pili, na kati yake mstari ulioonekana kama umechorwa kwa rula. Mstari huo ni mahali pazuri pa kurusha. Samaki wadogo hukaa upande unaowaficha, na mkubwa huwangoja upande wa pili.

Kina

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami muda mrefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nzima.

Sangara akiwa amekaa mita sita kwenda chini na chambo chako kinapita mita mbili, mnapishana tu. Wakati mwingine atapanda kukifuata, lakini usiku ukikaribia au akiwa na njaa sana. Mchana wa jua, hapana.

Angalia chini ya mdomo wa chambo. Kuna kipande cha plastiki au cha chuma kimejitokeza kama kijiko kidogo. Mimi nakiita ulimi. Ulimi mfupi ulioinama kuelekea chini hukifanya chambo kipite juu juu, nusu mita hadi mita mbili. Ulimi mrefu ulionyooka mbele, karibu sambamba na mwili, hukipeleka chini. Chambo kisicho na ulimi kabisa ama kinaelea juu ya maji ama kinazama chenyewe kwa uzito wake.

Namba ya kina iliyoandikwa kwenye pakiti ipo, lakini ilipimwa kwa uzi wa mtu mwingine. Uzi mwembamba wa kusuka hukata maji na kukiacha chambo kishuke. Nailoni nene husukumwa na maji na kukibeba juu. Ukiachia mita 20 nyuma ya boti kitashuka kiasi, ukiachia 40 kitashuka zaidi, na kuna mahali ambapo kuongeza uzi hakusaidii tena. Kasi nayo ina mpaka. Ukikokota kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, kilomita 4 au 5 kwa saa, vyambo vingi vikubwa hutembea vizuri. Ukizidisha, chambo kinalala ubavu na kuibuka juu kikijizungusha, na uzi wako unaanza kusokotana.

Kwa hiyo kipime mwenyewe. Tafuta mwamba au fungu la mchanga ambalo kina chake unakijua, kwa mashine ya kuonyesha kina au kwa kamba na jiwe. Pita juu yake ukikokota chambo, ukianza na uzi mfupi, na uongeze kidogo kidogo hadi fimbo ianze kugonga-gonga. Hapo ulimi umegusa chini. Mimi huhesabu uzi kwa kuuvuta kwa mkono kutoka kwenye rili, lile gurudumu la uzi kwenye fimbo, kila mvuto ni kama nusu mita. Nikishapata jibu, nalikausha tumbo la chambo na kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika: "4 – mivuto 60". Maana yake mivuto 60, mita 30, kinafika mita nne. Vyambo vyangu vyote vikubwa vimeandikwa hivyo. Mgeni mmoja alisikitika kuona nimechafua samaki mzuri wa bei ghali. Saa mbili baadaye alikuwa anavisoma vyote kimoja kimoja.

Lengo ni kukipitisha chambo juu kidogo ya kichwa cha samaki, na kugusa mwamba mara moja moja. Sangara hutazama juu anapowinda. Na mara nyingi anauma pale ulimi unapogonga jiwe na chambo kikayumba pembeni kama kimepoteza njia. Kwa sababu hiyo, penye miamba napenda chambo kinachoelea kikisimamishwa: kikinasa, nalegeza uzi na chenyewe kinajitoa na kupanda. Kinachozama hukaa hapo hapo, na unaondoka umekiacha.

Yule Mfini Lauri Rapala, ambaye jina lake liko kwenye vyambo vingi duniani, alikuwa mvuvi wa kawaida wa ziwani. Mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa kisu, kwa gamba la mti lile la vizibo vya chupa, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Alikuwa ameona kwamba samaki wakubwa hukimbilia yule mdogo anayeyumba kuliko kundi zima linaloogelea sawasawa. Baba mdogo hakuwahi kusikia habari zake, lakini walikuwa wameona kitu kile kile.

Sangara wa Ziwa Victoria

Sangara, au mputa kama Waganda wanavyomwita, hakuwa wa Victoria zamani. Yeye ni mwenyeji wa Ziwa Albert na Nile ya chini. Maporomoko ya Murchison hayakumruhusu kupanda, mpaka watu walipomleta Kyoga na Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Nakuambia hili kwa sababu linakusaidia kumtafuta. Ni samaki aliyezoea mto, na ziwani bado anapenda kukaa penye umbo: ncha ya kisiwa, mwamba uliozama, ukingo ambapo mita tatu zinageuka ghafla kuwa kumi.

Kuzunguka visiwa vya miamba ninaanza na chambo cha sentimita 14 hadi 18, chenye ulimi mrefu, cha kushuka mita nne hadi sita. Asubuhi sana na jioni, wakati jua liko chini, ninapanda juu: mita mbili hadi tatu, karibu kabisa na mawe. Macho ya sangara yamejengwa kwa mwanga hafifu. Ukimmulika tochi usiku yanawaka kama ya paka. Saa ile ambayo wewe unaanza kushindwa kuona fundo la uzi ndiyo saa yake, na anaingia maji mafupi bila woga.

Anakula nini hapo? Akiwa mdogo anakula uduvi, baadaye dagaa (mukene) na furu (nkejje), na akikua anakula hata sangara wadogo. Mtu akiniambia chambo cha sentimita 18 ni kikubwa mno, namkumbusha kwamba samaki wa kilo 20 anammeza ndugu yake wa urefu huo bila kusita. Hata hivyo kuna siku wamejikusanya kwenye makundi ya dagaa na hawataki kitu kikubwa. Dalili ni ndege: ukiwaona wanatumbukia mahali pamoja na maji yanachemka kwa samaki wadogo, weka cha sentimita 7 hadi 9, chembamba, cha rangi ya fedha.

Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda, majani na vichaka vya pwani vilifunikwa. Hayo yakawa maficho mapya, na hapo nilianza kutumia tena vyambo vya kuelea juu, vile vyenye mdomo uliobonyea ambavyo ukivishtua vinatoa mlio wa "pu!". Kurusha, kuacha mawimbi yatulie, kushtua mara mbili, kungoja. Inataka maji yaliyotulia. Upepo wa mchana ukishavuruga uso wa ziwa, virudishe sandukuni.

Chini ya maporomoko

Pale Murchison, ambapo wengine wanapaita Kabalega, karibu Nile nzima inabanwa kwenye ufa wa upana wa mita 7 hivi na kuanguka kama mita 43. Chini yake maji yana povu, yana hewa nyingi, na sangara wakubwa wamekaa humo. Unavua kutoka kwenye mawe ya ukingoni, na chambo cha kukokota ziwani hakifai. Mkondo unakibeba juu na kukipindua.

Tumia chambo kizito, chenye mwili imara na ulimi wa chuma au wa plastiki nene, cha kuzama, sentimita 18 hivi. Samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi na mkia wa kupiga maji naye anafanya kazi nzuri sana, kwa sababu anashuka moja kwa moja na mkia unapiga hata mkondo wenyewe ukimsukuma. Usirushe katikati ya maji yanayokimbia. Tafuta mshono, pale maji ya kasi yanapopakana na maji yanayorudi nyuma taratibu. Rusha upande wa juu ya mkondo, acha chambo kishuke, kiingie kwenye maji tulivu kikiwa kinavuka mshono. Sangara anakaa upande wa utulivu na kutazama kinacholetwa.

Penye povu jingi rangi ndogo ndogo hazionekani. Napenda chambo chenye mgongo mweusi, kwa sababu mweusi huonekana kama kivuli dhidi ya povu jeupe.

Hapo ni ndani ya hifadhi, kwa hiyo kibali cha kuvua kinatoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na askari wa hifadhi akisema usisimame jiwe fulani, usisimame. Mamba wa pale ni wakubwa. Sijawahi kuona chambo kilichonasa ambacho kinastahili mtu kuingia majini kukichomoa. Kikate, nenda.

Ngasia

Ngasia, samaki mwindaji ambaye Waingereza humwita tigerfish, ni wa Ziwa Albert na Nile ya chini, na kwake sheria nyingi za sangara zinageuka. Ana meno marefu yanayopishana nje ya mdomo, ana mdomo wa mfupa mtupu, na ana kasi. Samaki wa mpira atakatwa mkia kwa pigo la kwanza, kwa hiyo mwache nyumbani. Uzi mtupu utakatwa pia. Weka waya wa chuma mwembamba, sentimita 20 au 30, mbele ya chambo.

Kinachonifaa zaidi ni kijiko, kile kipande cha chuma kilichopinda chenye ndoano mkiani. Chembamba, cha fedha, sentimita 5 hadi 8, gramu 15 hadi 25. Kinarushwa mbali, kinazama haraka, na kinang'aa kama muziri, wale samaki wadogo ambao wavuvi wa Albert huwavua usiku kwa taa. Ukitaka kujua ngasia watakuwa wapi alfajiri, ongea na wavuvi wa taa wakati wanarudi mwaloni. Watakuambia muziri na ragoge, samaki mwingine mdogo, walikusanyika wapi usiku. Wasalimie vizuri, wanunulie chai.

Vuta haraka. Sangara unamsubiri, ngasia unamkimbia. Ndoano iwe ndogo kuliko unavyofikiri na kali kuliko kawaida, kwa sababu hakuna nyama ya kuchoma mdomoni mwake. Mimi huondoa ndoano ya pembe tatu na kuweka moja ya pembe moja. Inapata pa kushika, na kumtoa samaki inakuwa rahisi bila kupoteza kidole.

Wengine, kwa haraka

Kambare hukaa maji ya tope na nyasi zilizofurika. Mpe kizungushi, chambo chenye jani la chuma linalozunguka, na jani hilo liwe pana la kupiga maji kwa nguvu, uvute polepole karibu na chini. Semutundu, jamii ya kambare, anauma jioni na usiku, chini kabisa. Kichwa cha risasi chenye mpira mweusi, kinyanyue nusu mita, kiachie. Kisinja, samaki wa maji ya kasi kule Jinja, anapenda kizungushi kidogo cha shaba, kirushwe juu ya mkondo na kishuke nao.

Kuhusu ngege, yaani tilapia, usipoteze pesa. Chakula chake kikubwa ni mwani na vitu vidogo vidogo, na mnyoo kwenye ndoano ndogo utamshinda chambo bandia chochote nilicho nacho.

Ukinasa mamba, namaanisha samaki mamba, yule anayepumua hewa, usiingize mkono mdomoni kutafuta ndoano. Taya zake zinaponda konokono. Na katika Nile ya chini yumo kambare wa umeme, mnene, mwenye vidoadoa. Mshike kwa koleo lenye mpira kavu au ukate uzi.

Sasa rangi

Maji hula rangi. Kwenye maji meupe sana nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, mita chache tu chini inakuwa kijivu. Maji yetu mengi hayako hivyo. Maji ya chai na ya tope hula buluu kwanza na kuacha njano, machungwa na nyekundu zisafiri. Maji yenye mwani huacha kijani na njano. Kwa hiyo chambo cha buluu kilichomfaa mtu baharini Mombasa, ukikishusha mita tano kwenye ghuba ya kijani ya Victoria, samaki anakiona kama kitu cheusi. Hilo si baya, ila usikilipie kwa ajili ya buluu yake.

Nimebaki na rangi nne. Kijani na njano yenye tumbo la machungwa, kwa maji ya kijani na ya chai. Kichwa chekundu na mwili mweupe, kwa maji ya tope kiasi. Fedha yenye mgongo wa kijani-kijivu, inayofanana na sangara mdogo, kwa maji meupe. Na nyeusi tupu, kwa alfajiri, usiku na povu. Nikikaa saa nzima mahali ninapojua kuna samaki bila kuguswa, kwanza nabadilisha kina, kisha kasi, kisha ukubwa. Rangi naibadilisha ya nne.

Ndoano na pete

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua vyambo sita katika duka moja mjini. Vilikuwa na sura ile ile ya vile vizuri, sanduku lile lile, na bei yake ilikuwa kama theluthi. Wiki hiyo nilimchukua mwalimu mstaafu aliyekuwa ameweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari ya siku mbili Ssese. Siku ya pili, saa kumi na mbili jioni, sangara alimchukua chini ya mwamba. Alipigana naye dakika ishirini. Tulimwona ubavu wake mara moja, mpana kama mlango wa kabati, kisha uzi ukalegea. Chambo kilirudi kikiwa na pembe zote za ndoano ya nyuma zimenyooka kama misumari. Mwalimu hakunilaumu. Alikaa kimya akitazama maji, na mimi sikuwa na la kumwambia. Bado linaniuma.

Tangu siku hiyo hakuna chambo kinachoingia majini kabla sijakikagua. Shika kila pembe ya ndoano kwa koleo na uipinde kwa nguvu ya mkono. Ikinyooka, itoe. Vuta zile pete ndogo zinazoshika ndoano. Zikifunguka, zitoe. Kwenye chambo cha sangara naweka ndoano nene na pete nene hata kama kilikuja kizuri, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa samaki wa nchi za baridi wa kilo tatu au nne. Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni ya Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000: kilo 104. Ni mto huu huu wetu.

Ukibadilisha ndoano, jaribu chambo kwenye beseni la maji. Ndoano nzito zinaweza kukigeuza cha kuelea kiwe cha kuzama, au kikakaa kichwa chini. Kisha kikokote kando ya boti na ukitazame. Kikivutia upande mmoja, pinda kidogo sana kile kitanzi cha puani kuelekea upande wa pili. Kidogo sana, kama unene wa ukucha.

Penye gugu maji ondoa ndoano ya katikati kabisa, na ile ya nyuma iwe ya pembe moja inayotazama juu. Utapoteza samaki wachache, lakini hutashinda unasafisha majani. Tena ndoano chache humuumiza kidogo samaki utakayemrudisha. Sheria ya Uganda hairuhusu kuchukua sangara wa chini ya sentimita 50, na wale wakubwa mno wengi ni majike yenye mayai, kwa hiyo boti yangu huwarudisha. Aliyetoka kina kirefu mpandishe polepole, maana bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, huvimba akivutwa ghafla, naye hawezi kushuka tena.

Kesho alfajiri naondoka Wanseko na wageni wawili kuelekea delta. Imenyesha siku mbili mfululizo, na jioni hii sahani ilipotea kabla ya fundo la kwanza upande wa mto, na katikati ya la pili na la tatu upande wa ziwa. Kwa hiyo mbele ya sanduku nimeweka viwili vinene vya gololi, kichwa chekundu, vilivyoandikwa "2 – mivuto 40". Kando yake kuna cha kijani na njano cha mita nne, na vijiko vitatu vya fedha tayari kwenye waya, kwa sababu wavuvi wa taa wameniambia muziri wamekusanyika nje ya mdomo wa mto. Cha nyeusi kimefungwa kwenye fimbo tayari. Tutaanza nacho kabla jua halijatoka.